Kutoka Malindi hadi Gigiri: Safari ya Mtoto wa Kambo



Wasomaji wetu watukufu, katika mitaa yetu ya Kibokoni, Majengo, Likoni na Kisauni, si nadra hivi leo kuikuta nyumba ambayo mwenyewe yuko ng'ambo. Mume yuko Marekani, mke yuko hapa, na kati yao pana mtoto ambaye si wa mume huyo bali ni wa ndoa ya kwanza ya mke. Siku ya kuhama inapokaribia, mazungumzo yote humgeukia mtoto huyo. Ataingiaje katika karatasi? Ataandikwa mwana wa nani? Na huyo baba yake aliyebaki pwani, atafanywaje?

Maswali haya tumeyafuata kwa miguu yetu, pamoja na familia moja ya mtaa wetu, kutoka ufuo wa Malindi hadi lango la ubalozi wa Marekani huko Gigiri, Nairobi. Majina yao hatuyataji kwa kuwa sitara ni haki yao. Tunaloandika ni njia yenyewe ilivyo, ili mama mwingine atakayeipita asiipite gizani.

Bibi huyu aliachwa na mume wa kwanza mtoto akiwa na miaka 6. Eda ikatimia, miaka ikapita, na mtoto alipofika miaka 12 mama akaposwa na mwanamume mwenye asili ya Lamu, raia wa Marekani, aishiye jimbo la Ohio. Nikaha tuliisimamia sisi, mume mwenyewe akiwapo. Sasa kijana ana miaka 15, na baba yake wa kambo amewaombea yeye na mamake wamfuate.

Sheria inavyomtazama

Jambo la kwanza ambalo wengi hawalijui ni hili: sheria ya uhamiaji ya Marekani ina mlango wa mtoto wa kambo. Mtoto huyo huhesabiwa kuwa mtoto wa raia yule aliyemwoa mama, kwa sharti kwamba ndoa ilifungwa kabla ya mtoto kutimiza miaka 18. Haidai damu. Haidai mtoto aasiliwe mahakamani. Wala haidai abadilishwe jina. Inachotaka ni kuthibitishiwa mambo mawili: kwamba mama ni mamake kweli, na kwamba ndoa ya mama na mwombaji ni ndoa ya kweli.

Jambo la pili ni kwamba raia hupeleka maombi mawili mbalimbali kwa fomu iitwayo I-130, moja la mke na moja la mtoto wa kambo. Mtoto hapandi juu ya ombi la mamake. Wako waliolipia la mama peke yake, wakidhani mtoto ataingia ubavuni mwake, na mama akapewa viza ilhali mtoto hana hata faili. Mama mwenye watoto watatu, maombi yake ni manne. Mkaazi ambaye hajawa raia ana utaratibu wake mwingine, na hatuchanganyi mambo hapa.

Ukiitazama sheria hiyo kwa jicho la madrasa, utaona kwamba katika jambo hili haigombani na sisi. Mtoto wa mke katika fikihi huitwa rabibu. Suratun Nisaa aya ya 23 imemtaja binti wa mke kuwa ni haramu kuolewa na mume wa mamake baada ya mume huyo kumwingilia mama, kwa hiyo baba wa kambo ni maharimu wake. Na Suratul Ahzab aya ya 5 imetuamrisha kuwaita watoto kwa majina ya baba zao wa damu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwalea nyumbani mwake watoto wa Bi Ummu Salama. Mmoja wao, Umar, ndiye aliyefundishwa adabu za kula alipokuwa mkono wake ukizunguka sahanini. Alilelewa katika nyumba iliyo bora kuliko nyumba zote, na jina lake likabaki Umar bin Abi Salama, mwana wa baba yake aliyefariki. Malezi ni kitu kimoja, na nasaba ni kitu kingine.

Maneno ya dalali

Kabla familia hii haijatujia, walikuwa wamekwisha kuonana na dalali mmoja wa karatasi, mwenye meza na kompyuta mjini Mombasa. Dalali aliwaambia kwamba kijana hataonekana na wazungu kuwa ni mtoto wa huyu mume maadamu cheti chake cha kuzaliwa kina jina la mwanamume mwingine. Akajitolea kuwatafutia cheti kipya chenye jina la baba wa kambo, kwa malipo. Mama akaja kutuuliza, akiwa na haya na hofu: "Sheikh, si ni jina tu? Na huyu ndiye amleaye."

Tulimjibu kwamba si jina tu. Kwanza ni nasaba, na nasaba hainunuliwi mezani. Pili, hata kwa hesabu ya dunia ni hasara, maana cheti hicho kingemfungia kijana mlango uliokuwa wazi. Mtu akishikwa na uongo au hati ya kughushi katika ombi la viza ya Marekani, anaweza kuzuiwa asiingie nchi hiyo maisha yake yote, isipokuwa apate msamaha maalumu ambao haupatikani kwa wepesi. Na uongo huo ungegunduliwa upesi: cheti kinasema mume wa Ohio ni baba mzazi, ilhali nikaha ya mume huyo ina miaka mitatu na kijana ana kumi na mitano. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii isingefika hata Mariakani.

Cheti cha zamani kikabaki kama kilivyo. Kazi ikawa ni kumwendea mwenye jina lililo ndani yake.

Malindi, ufukweni

Ni mwendo wa kilomita kama 120 kutoka Mombasa. Unavuka daraja la Kilifi, unaupita msitu wa Arabuko Sokoke na magofu ya Gede, kisha Malindi inakupokea kwa minazi na harufu ya bahari. Tulishuka na mjomba wa kijana, tukateremka hadi mtaa wa Shella, karibu na Msikiti wa Juma na yale makaburi ya kale yenye nguzo. Baba mzazi ni fundi wa mashua. Tulimkuta chini ya mashua iliyopandishwa mchangani, akitia kalafati, pamba ikiwa begani na mafuta yamemfika viwikoni.

Kwa nini tulimfuata? Afisa wa ubalozi hutaka kujua kwamba mtoto aliye chini ya miaka 18 hatoroshwi kwa mzazi wake mwingine, kwa hiyo huangalia idhini ya mzazi huyo au amri ya mahakama juu ya malezi. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 nayo inawapa baba na mama jukumu la malezi kwa pamoja. Lakini hata kama pasingekuwa na ubalozi wala bunge, fikihi ya Imamu Shafi yatosha. Mama akiolewa na mwanamume aliye mbali na mtoto kwa nasaba, haki yake ya kumlea hulegea, na baba ana neno. Idhini yake si muhuri wa kukamilisha faili, ni haki yake.

Alitusikiliza bila kuinuka. Kisha akauliza swali moja: "Sheikh, mwanangu akifika huko, ataitwa mwana wa nani?"

Tukamtolea nakala ya fomu ya viza, ile ijazwayo kwa intaneti iitwayo DS-260. Fomu hiyo ina mahali pa jina la baba na pa jina la mama. Mahali pa baba palikuwa pameandikwa jina lake yeye, kamili, herufi kwa herufi kama lilivyo katika cheti. Mume wa mama yuko mahali pake, naye ni mwombaji. Akaisoma mara mbili, akijizuia asiiguse kwa mikono ya mafuta. Akasema, "Basi namridhia. Ila Ijumaa anipigie simu." Mchana ule tukaenda naye kwa wakili aliye kamishna wa viapo, akatia saini hati ya kiapo ya kumruhusu kijana aende kuishi na mamake Marekani, na akaiambatisha na nakala ya kitambulisho chake.

Hapa tungependa kina mama watusikilize vizuri. Kuna waliogombana na mume wa kwanza hata salamu hawapeani, nao hupenda kuandika kwamba hajulikani alipo. Ikiwa kweli hajulikani, njia ni mahakama. Ikiwa anajulikana, basi kumwandika hajulikani ni ushahidi wa uongo, na mtoto ndiye atakayeulizwa dirishani.

Karatasi za nikaha na talaka

Kutoka Malindi tulirudi Mombasa, mahakama ya kadhi. Ubalozi hutaka kuona kwamba ndoa ya kwanza ilikwisha kabla ya pili kufungwa, ama kwa talaka iliyosajiliwa au kwa cheti cha kifo. Talaka ya mdomoni mbele ya mashahidi wawili ni talaka katika dini, lakini afisa wa Gigiri hawezi kuwaita mashahidi hao kutoka Kibokoni. Bibi huyu alikuwa na bahati kwamba talaka yake ilisajiliwa mapema na tarehe zake zilikuwa wazi. Wako wanawake ambao talaka zao hazijasajiliwa hata sasa. Tunawausia wasingoje siku ya viza.

Na nikaha hali kadhalika. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, ndoa ya Kiislamu nayo yapaswa kusajiliwa na kutolewa cheti. Yapo pia mambo mawili ambayo sheria ya Marekani inatofautiana nasi, na binti aposwaye na mtu wa huko ayajue kabla hajakubali. La kwanza, mke wa pili hatambuliwi ikiwa wa kwanza yungali katika nikaha, na asipotambuliwa mke, mtoto wake wa kambo naye hana njia. La pili, nikaha iliyofungwa maharusi wakiwa mbalimbali, mmoja huku na mmoja huko, haihesabiwi kwa uhamiaji mpaka wawili hao wakutane kama mke na mume baada yake.

Kwa upande wake, mume wa Ohio alijaza hati ya udhamini iitwayo I-864, akaambatisha karatasi za kodi yake. Pato lake lilipaswa kufika asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kilichowekwa na serikali yao kwa idadi ya watu wa nyumba yake. Ada ya viza ilikuwa dola 325 kwa kila mtu, na dola 120 kwa ukaguzi wa udhamini.

Garimoshi la Miritini

Tarehe ya mahojiano ilipotoka, tulisafiri watu wanne: mama, ndugu yake wa kiume, kijana, na sisi. Stesheni ya Miritini humpokea msafiri kwa ukaguzi. Mizigo hupangwa chini kwa safu, mbwa wakapita kuinusa, kisha mashine, kisha tikiti. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 1,500.

Baada ya Mariakani kijani cha pwani huisha na nyika huanza. Karibu na Voi udongo ni mwekundu hata ndovu wa Tsavo huonekana wekundu, na kijana aliwahesabu dirishani mpaka wakapotea. Hapo ndipo mjomba alipoanza kumfanyia mazoezi ya mahojiano. Jina lako? Shule yako? Utaishi na nani? Akajibu vizuri. Alipoulizwa, "Baba yako ni nani?" akalitaja jina la mume wa Ohio.

Mamake alinyamaza. Tulimuuliza kijana kwa upole sababu ya jibu hilo. Akasema kwa sauti ndogo: "Maalim, nikimtaja baba wa Malindi, si wataniambia huyu wa Marekani hanihusu? Nitamfanya mama abaki."

Maneno hayo yalitufundisha kwamba maneno ya dalali yalikuwa yamesikiwa na masikio mengi kuliko tulivyodhani. Mtoto wa miaka 15 alikuwa amebeba mzigo wa familia nzima juu ya jibu moja, na alikuwa tayari kumkana baba yake ili mamake asiumie. Tukamweleza kile ambacho mtu angepaswa kumweleza tangu mwanzo: kwamba ombi lake liliandikwa hivyo hivyo lilivyo kweli, kwamba afisa anajua tayari kuwa yeye ni mtoto wa kambo, na kwamba ukweli ndio ufunguo wenyewe. "Useme: baba yangu mzazi ni fulani, yuko Malindi, ni fundi wa mashua. Aliyetuombea ni mume wa mamangu, baba yangu wa kambo." Akayarudia hayo mpaka Mtito Andei, na tulipofika Emali alikuwa amelala.

Nairobi

Vipimo vya afya hufanywa kabla ya mahojiano, kwa madaktari walioidhinishwa na ubalozi tu, kwa hiyo tulikaa kwa jamaa zetu Pangani siku kumi na mbili. Aliye na miaka 15 na zaidi hupigwa picha ya kifua kwa ajili ya kifua kikuu, na aliye mdogo zaidi, kuanzia miaka 2, hupimwa damu. Chanjo pia huangaliwa. Mama huyu alikuwa ameihifadhi kadi ya kliniki ya mwanawe miaka yote kumi na mitano, ndani ya mkoba mmoja na cheti cha kuzaliwa, na kadi hiyo ilimwepusha na sindano kadhaa. Kina mama, msitupe kadi za kliniki.

Picha za viza zilipigwa mama akiwa na mtandio wake. Kitambaa cha kichwa kinachovaliwa kila siku kwa sababu ya dini kinaruhusiwa, mradi uso wote uonekane. Mwenye kuvaa nikabu hutakiwa aufunue uso kwa utambulisho, na aweza kuomba afisa wa kike.

Siku moja tulipita penye kona ya Barabara ya Moi na Haile Selassie, palipokuwa na ubalozi huo zamani. Hapo ndipo ulipolipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, na watu 213 wakafa katika mji huu. Leo ni bustani ya kumbukumbu yenye ukuta wa majina. Kijana alisimama akiyasoma. Hatukusema mengi. Atakayestaajabu kuta na walinzi wa Gigiri aanzie hapa.

Gigiri

Ubalozi wa sasa uko Barabara ya Umoja wa Mataifa, ng'ambo ya mji, ambako miti ni mirefu na baridi ya asubuhi humfanya mtu wa pwani ajute kuacha sweta. Simu haziingii. Anayeingia ni mwenye miadi, kwa hiyo mama na mwanawe waliingia peke yao na bahasha ya hati za asili, nasi na mjomba tukabaki nje tukiwashikia simu na kuvuta tasbihi.

Yaliyopita ndani tulisimuliwa baadaye. Walichukuliwa alama za vidole, wakangoja, wakaitwa dirishani. Waliinua mkono wa kulia na kuthibitisha kwamba yote waliyoyaandika ni kweli. Na hapa mtu mwenye karatasi za dalali huwa anaapa juu ya uongo, jambo ambalo Muislamu anajua uzito wake. Mama aliulizwa alikutana vipi na mume, mume alikuja Kenya lini, talaka ya kwanza ilikuwa mwaka gani. Akatoa cheti baada ya cheti, na picha za harusi.

Kisha afisa akamgeukia kijana: "Baba yako yuko wapi?"

Mama anasema moyo wake ulisimama. Kijana akajibu: "Baba yangu mzazi yuko Malindi. Anatengeneza mashua. Na baba yangu wa kambo yuko Ohio, ndiye aliyetuombea." Afisa akaisoma hati ya kiapo, akauliza kama baba wa Malindi anajua leo ni siku ya mahojiano. "Anajua," akasema kijana, "amenambia nimpigie nikitoka." Baada ya maswali mengine machache ya shule, afisa akazichukua pasipoti zote mbili na kuwaambia viza zimekubaliwa.

Walipotoka, kijana hakutusalimu kwanza. Aliinyosha mkono akaomba simu, akasogea kando chini ya mti, akapiga Malindi.

Kuna mambo yatakayobaki kutendwa. Kwa kuwa ndoa imepita miaka miwili, ukaazi watakaoupata hautakuwa wa masharti. Ingekuwa changa kuliko hapo, wangepewa wa miaka miwili kwanza. Kijana atakuwa mkaazi, hatakuwa raia mara moja, kwani mtoto wa kambo harithi uraia wa mume wa mamake. Hilo litafika kwa wakati wake.

Enyi kina mama na kina dada, mnapoziandaa bahasha zenu, mwekeni kila mtu mahali pake: mzazi mahali pa mzazi, mlezi mahali pa mlezi. Na kabla ya kumfundisha mtoto majibu ya dirishani, muulizeni kwanza anaogopa nini. Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu waendao mbali, awape imani na elimu huko waendako, na awatilie kina baba waliobaki pwani subira na simu za Ijumaa zisizokatika. Amin.

Wabillahi tawfiq.